Injini Nyingine kwa Land Rover Kuukuu: Fanya Hivi, Usifanye Vile

“Inaingia tu, bosi.” Ukisikia maneno hayo gereji, mjini Ifakara au pale Kibaoni, kabla fundi hajashika hata futi ya kupimia, chukua funguo zako uondoke. Kila injini inaingia kwenye kila gari ukiwa na gesi ya kukatia chuma na mchomeleaji asiyeogopa. Kinachotakiwa kujulikana ni kama gari litavuka Daraja la Magufuli na magunia kumi ya mpunga mgongoni, lipite Minepa na Lupiro, lipande Mahenge, lishuke likiwa na breki zake, na mwakani lifanye vivyo hivyo.

Nasema hasa na mwenye Land Rover 109 Series III, gari lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985, ambalo bado linabeba mpunga, mbao na wagonjwa katika bonde hili la Kilombero. Mwenye gari la Kimarekani asijione hayumo. Land Rover yenyewe ni mtoto wa Jeep: gari la majaribio la mwaka 1947 lilijengwa juu ya chesi ya Jeep ya kijeshi. Na mwenye Jeep Cherokee nimemwekea fungu lake mbele, halitamfurahisha.

Usibadilishe injini kabla hujajua iliyopo inaumwa nini. Injini ya dizeli ya lita 2.25 iliyokuja na gari hilo ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 62 hivi. Ukilalamika kwamba haina mbio, hujataja ugonjwa, umetaja kuzaliwa kwake. Ugonjwa ni kuwaka kwa taabu asubuhi, kupumua moshi kwenye mfuniko wa oili, kula oili, kuchemsha. Pima kompresheni silinda zote nne. Toa nozeli zipimwe. Angalia kama mirija ya dizeli inavuta hewa na kama mnyororo wa taimingi umelegea. Gari likipona kwa nozeli na pampu, mshukuru Mungu na ulipeleke shamba. Ovahoo ya injini uliyonayo haihitaji kukata chesi, kuhamisha rejeta wala kwenda TRA.

Anza na giaboksi na difu, injini baadaye. Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Giaboksi ya Series iliundwa kubeba msukumo wa injini ya dizeli wa karibu Nm 140, au wa petroli usiozidi Nm 170 sana. Toyota 3L, ya lita 2.8, ina karibu Nm 190. Giaboksi itaivumilia dereva akiwa mtu mzima. Toyota 1HZ, ile ya silinda sita ya lita 4.2 inayotajwa kila kijiwe cha mafundi, ina karibu Nm 280, mara mbili ya dizeli uliyoiondoa. Giaboksi hiyo haitavunjika siku ya kwanza. Itavunjika kwenye tope, gia ya kwanza, mzigo umejaa, mahali ambapo hakuna wa kukuvuta isipokuwa trekta la mtu anayejua shida yako na bei yake. Ikiponea giaboksi, itakatika shafti ya ekseli.

Kisha chukua kalamu. Tairi ya 7.50-16 husafiri karibu mita mbili na nusu kila inapozunguka mara moja. Ukienda kilomita 80 kwa saa, inazunguka kama mara 530 kwa dakika. Difu ya Series ni 4.70, na transfa kwenye gia ndefu inaongeza 1.15. Zidisha: injini yako itakuwa kwenye mizunguko karibu 2,900. Kwa 3L, ambayo hutoa nguvu zake zote kwenye mizunguko 4,000, hapo ni pazuri kabisa. Kwa injini ya lori dogo kama Isuzu 4BD1, inayofika mwisho wa pumzi kwenye mizunguko elfu tatu na ushee, hapo ni ukingoni. Utakwenda Mikumi injini ikipiga kelele njia nzima, na wenye bodaboda wakikupita.

Dawa ya hilo ipo: difu za 3.54, zile za Range Rover na Land Rover 110, zinazoshusha mizunguko hiyo hadi 2,200 hivi. Lakini usikimbilie. Difu ya Range Rover inakubali kwenye ekseli ya mbele ya Series, wakati 109 za Series III kwa kawaida zina ekseli nzito ya Salisbury nyuma, na hiyo haipokei difu hiyo. Utahitaji ekseli nyingine ya nyuma. Fundi akikubadilishia ya mbele tu akisema ya nyuma “tutaangalia baadaye”, siku utakapounganisha magurudumu yote manne utapasua transfa.

Usitumie mfano wa Australia nusunusu. Wajuaji hupenda kusema kwamba Land Rover 110 za jeshi la Australia, zinazoitwa Perentie, zilifungwa Isuzu 4BD1 na kampuni yenyewe miaka ya 1980. Ni kweli. Wanachoacha kusema ni kwamba injini hiyo haikuwekewa nyuma yake giaboksi ya Series. Iliwekewa LT95, giaboksi na transfa katika nyumba moja, iliyotoka kwenye ukoo wa Range Rover ya V8. Kampuni yenye wahandisi na viwanja vya majaribio iliona injini hiyo inadai giaboksi nyingine. Wewe unayo mashine ya kuchomelea na jeki mbili.

Fikiria ndugu wa damu kwanza. Injini ya Land Rover iitwayo 200Tdi, ya lita 2.5 yenye tabo, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1980, ni kizazi cha injini ile ile ya 2.25. Inafunga kwenye giaboksi ya Series bila kutengenezewa bamba la kuunganishia. Kazi inabaki kwenye maunti, ekzosti, mabomba ya rejeta na sehemu ya kuweka tabo. Ina nguvu za farasi zipatazo 107 na msukumo wa Nm 255, kwa hiyo onyo langu la giaboksi linaihusu hata yenyewe: mguu wako ndio gavana. Ndugu yake 300Tdi ni injini nzuri pia, lakini haifungi kirahisi hivyo. Asikudanganye mtu kwamba ni kitu kimoja. TD5, ya silinda tano, ina kompyuta. Iache ilipo.

Tatizo la 200Tdi ni kuipata ikiwa nzima. Ukiipata nzima, ichukue. Usipoipata, usichukue mbovu kwa kuwa ni ndugu.

Chagua injini ambayo duka la Ifakara linaijua. Huu ndio uamuzi wangu kwa watu wengi wa bonde hili: 3L, au 5L ya lita 3.0, kutoka Hilux au Hiace. Si injini za ajabu. Nguvu zao hazizidi za 200Tdi, na hakuna atakayekusifu kijiweni. Lakini filta, mkanda wa taimingi, gasketi, nozeli na pampu ya maji zinajulikana kwa jina hata na kijana wa dukani, na kisichokuwepo huja kesho yake kwa basi kutoka Dar es Salaam. Fundi wa Mlimba ameshazifungua. Fundi wa Malinyi ameshazifungua. Hazina kompyuta. Na kama ulivyoona kwenye hesabu, zinapatana na difu ya 4.70, kwa hiyo ekseli zako zinabaki kama zilivyo.

Zina dosari zake. Mkanda wa taimingi ukikatika, vali zinagonga pistoni na silinda hedi imekwisha. Funga mpya kabla injini haijaingia kwenye gari, wakati bado ipo juu ya meza na mkono unafika, hata kama muuzaji anaapa kwamba uliopo ni mpya. Usikubali 2L-T, ile 2L yenye tabo, hata kwa bei ya kutupa. Silinda hedi zake zina sifa mbaya ya kupasuka kwa joto, na joto la hapa halihitaji msaada.

Anayeogopa mikanda atafute Nissan TD27 au Isuzu 4JB1 yenye taimingi ya gia. Ni injini za kazi, ngumu, na ningezisifu zaidi kama spea zake zingekuwa karibu nasi kama za Toyota.

Usinunue injini iliyolala chini. Ilala na Gerezani, jijini Dar es Salaam, zimejaa injini za mtumba zilizopangwa kama matikiti, zimesuguliwa na kupakwa rangi ya fedha. Rangi mpya kwenye injini ya zamani ni sababu ya kuuliza maswali. Nunua inayowashwa mbele yako, ikiwa baridi. Shika bloku kwa mkono kabla haijawashwa, maana muuzaji mjanja huipasha moto kabla hujafika. Fungua mfuniko wa oili ikinguruma uone inavyopumua. Tazama kama maji yana mafuta na kama oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kama wanauza kichwa kizima cha gari kilichokatwa, na bajeti inaruhusu, chukua hicho.

Nunua na vyote vinavyoning'inia: starta, alteneta, pampu ya dizeli, maunti na mabano yake, flaiwili na klachi, feni, kebo ya mafuta, waya za plagi za kupashia moto. Kitu kidogo ulichokiacha Dar kitakurudisha Dar, na ni zaidi ya kilomita 400 kwenda tu. Soma pia volti zilizoandikwa kwenye starta. Injini nyingi za Kijapani zilizotoka kwenye Land Cruiser na malori madogo ni za volti 24, na Land Rover yako ni ya 12.

Halafu pima sampu. Injini yenye jina moja inaweza kuwa na sampu tofauti ikitoka Hiace na ikitoka Hilux ya magurudumu manne. Ekseli ya mbele ya Land Rover hupanda na kushuka chini ya injini, na bonge la difu liko upande wa kulia. Sampu ikikaa juu yake, shimo la kwanza baada ya Lupiro litaitoboa. Pima springi zikiwa zimebonyea mpaka mwisho, kwa jeki, wala usipime gari likiwa limesimama tupu uani.

Bamba la kuunganishia injini na giaboksi likachongwe na fundi wa lezi, Morogoro au Dar. Lisikatwe kwa gesi. Katikati ya krenki na katikati ya shafti ya giaboksi lazima vitazamane sawasawa. Tofauti usiyoiona kwa jicho itakula beringi, itakula klachi, na utalaumu kila mtu isipokuwa bamba. Hapa sina mjadala.

Usikate bodi ili injini ndefu ikae. Silinda sita katika 109 zimewahi kuwepo: kiwanda chenyewe kilitoa 109 ya petroli ya lita 2.6. Lakini hizo zilitoka na maunti na ukuta wa mbele vyenye umbo tofauti. Ukilazimisha 1HZ ndani ya gari la silinda nne, rejeta itasogezwa mbele hadi igusane na nyavu, feni itaondolewa kwa kukosa nafasi, na mahali pake patafungwa kifeni cha umeme cha gari dogo la mjini. Gari hilo litachemsha kabla ya nusu ya mlima wa Mahenge. Nami nakataa feni ya umeme hata pale nafasi inapokuwepo. Feni ya mkanda haina fyuzi.

Heshimu maji. Bonde hili ni tambarare la mafuriko. Tangu 2002 limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu za dunia. Lami imefika mjini kutoka Kidatu, na daraja limewapumzisha watu na vivuko, lakini ukitoka kwenda Mngeta, Mofu au Malinyi wakati wa masika hujatoka kwenye maji. Kwa hiyo:

- Usichague injini ambayo pampu yake ya dizeli inaongozwa na umeme. 1KZ-TE ni tamu barabarani, na ni mkosi ndani ya mto.
- Usiache mdomo wa kuvuta hewa chini ya boneti. Upandishe hadi usawa wa paa, na kila kiungo kifungwe klipu.
- Alteneta na starta zikae upande wa juu kadiri mabano yanavyoruhusu.
- Weka chujio la kutenganisha maji kwenye njia ya dizeli. Dizeli ya vijijini husafiri kwenye madumu, na dumu halina siri.
- Chini ya nyumba ya klachi ya Land Rover kuna tundu lenye nafasi ya plagi ya kuvukia maji. Ukitengeneza bamba jipya usilizibe moja kwa moja. Plagi ifungwe unapoingia majini na itolewe ukishavuka, oili ikivuja ionekane.

Usiondoe injini ya petroli ukaweka ya dizeli bila kufikiria breki. Nimeliweka hili karibu na mwisho na lilistahili kuwa la kwanza. Buta ya breki hufanya kazi kwa kuvutwa hewa. Injini ya petroli huivuta yenyewe kupitia manifoldi yake. Ya dizeli haifanyi hivyo, inahitaji pampu maalumu ya vakyumu. Kwenye Toyota nyingi za dizeli pampu hiyo imepanda nyuma ya alteneta na inalainishwa kwa oili ya injini. Mtu akikuuzia alteneta ya kawaida “inayofanana”, utakuwa na gari lenye nguvu zaidi na pedali ngumu kama jiwe, linateremka Mahenge na tani moja. Kabla injini mpya haijawashwa mara ya kwanza, fungua breki za magurudumu yote manne. Mitungi inayovuja ibadilishwe. Bei yake iwe kwenye bajeti ya injini.

Na wewe mwenye Jeep Cherokee. Gari lako la miaka ya 1990, hasa lile la usukani kulia ambalo Honda walikuwa wakiliuza Japani, lina injini ya petroli ya lita 4.0, silinda sita mstari mmoja, chuma cha kutupwa toka juu hadi chini. Ni miongoni mwa injini ngumu zaidi Marekani iliyowahi kuziweka kwenye gari la familia. Kosa lake ni moja, inakunywa. Kwa sababu hiyo unataka kuitoa uweke dizeli ya Toyota.

Usifanye. Cherokee haina chesi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi ndiyo chesi, ni mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa, na maunti ya dizeli inayotikisika ukiyachomelea pale yatapasua bati kidogo kidogo. Giaboksi yake ya otomatiki, AW4, ilitengenezwa na Aisin wa Japani na ni ya ukoo mmoja na otomatiki za Toyota. Wajanja watakwambia basi undugu upo, kazi rahisi. Undugu huo uko ndani ya gia. Mbele, kwenye uso unaofungana na injini, hakuna undugu, na kompyuta inayobadilisha gia hizo inasubiri taarifa ya mguu wa dereva kutoka kwenye injini ya petroli. Fanya ovahoo ya 4.0, safisha rejeta, na ukishindwa na bei ya petroli, liuze kwa mtu wa mjini ununue Hilux. Ukitaka kabisa kulifunga dizeli, zilikuwepo Cherokee za Ulaya zilizotoka kiwandani na dizeli ya VM ya lita 2.5. Tafuta gari hilo zima, uone utapata wapi spea zake hapa, kisha urudi kwenye aya hii.

Usiweke injini barabarani kabla ya kuiweka kwenye kadi. Kadi ya gari ina namba ya chesi, namba ya injini na ukubwa wa injini. Ukibadilisha injini, kadi yako inasema uongo, na uongo huo utagunduliwa siku mbaya: siku ya ajali na bima, siku ya kuuza, au siku askari wa usalama barabarani akifungua boneti akiwa na muda wa kutosha. Dai risiti ya EFD kwa muuzaji. Soma namba kwenye bloku kwa macho yako kabla hujalipa, na kama imesuguliwa au kugongwa upya, weka pesa mfukoni uondoke, maana inaweza kuwa injini ya wizi. Gari likaguliwe, kisha nenda TRA na nyaraka zako kadi irekebishwe. Bima nayo ipewe taarifa. “Tutaweka sawa baadaye” ni sentensi ya fundi yule yule wa “inaingia tu”.

Usianze na mzigo. Kilomita za mwanzo zikimbie kwenye lami, kuelekea Kidatu na kurudi, gari tupu, macho kwenye geji ya joto. Ukirudi, kaza upya boliti za maunti, za bamba na za propela, maana zote zitakuwa zimelegea kidogo. Angalia chini kama kuna oili. Badilisha oili na filta mapema. Safari ya pili iwe na magunia matano. Ya tatu ndiyo ya Mahenge na mzigo wote, mchana, na fundi aliyefunga injini akae kiti cha mbele, spana zake miguuni. Akisema ana kazi nyingine siku hiyo, ahirisha mpaka apate nafasi, na pesa yake iliyobaki isubiri naye.